Mpira Haumo Kwenye Orodha

Nakala yangu ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania imechakaa, na imechakaa zaidi kurasa za mwisho, kwenye Nyongeza ya Kwanza, pale yalipoorodheshwa Mambo ya Muungano. Yako 22. Ulinzi na usalama yamo, uraia umo, sarafu imo. Ukishuka zaidi unakutana na posta na simu, elimu ya juu, utafiti, takwimu, hata utabiri wa hali ya hewa. Mvua itakayonyesha Pemba na ile itakayonyesha Mbeya, kwa mujibu wa Katiba, ni jambo moja la nchi moja. Mpira unaochezwa Pemba na ule wa Mbeya ni mambo mawili.

Michezo haimo. Orodha ya mwaka 1964 ilikuwa na mambo 11, na kadiri miaka ilivyokwenda mengine yakaongezwa, baadhi yake kwa manung'uniko ambayo mpaka leo ukikaa barazani Unguja utayasikia. Katika kuongeza kote huko, michezo ikaachwa nje. Na lisilo la Muungano kila upande hulishughulikia kwake. Bara ikaunda Baraza la Michezo la Taifa kwa sheria ya mwaka 1967. Zanzibar ina baraza lake la michezo, ina wizara yake, ina ligi yake, na ina timu inayoitwa Zanzibar Heroes, ambayo huimbiwa na kuliliwa kama timu yoyote ya taifa duniani.

Ukimya huo wa Katiba ulikaa miaka mingi bila kumsumbua mtu sana. Halafu ukaja mwaka 2017.

Tarehe 16 Machi mwaka huo, jijini Addis Ababa, mkutano mkuu wa Shirikisho la Soka Afrika, CAF, ulifanya mambo mawili makubwa kwa siku moja. Wajumbe walimng'oa Issa Hayatou wa Kameruni, aliyekuwa amekalia kiti tangu 1988, wakamweka Ahmad Ahmad wa Madagaska kwa kura 34 dhidi ya 20. Na wakaipokea Zanzibar kuwa mwanachama kamili, wa 55. Kabla ya hapo Zanzibar ilikuwa mwanachama mshirika: vilabu vyake viliruhusiwa kwenye mashindano ya vilabu ya Afrika, lakini timu yake ya taifa haikuwa na ruhusa ya kugombea tiketi ya Kombe la Mataifa. Sasa mlango ulikuwa wazi.

Ulikaa wazi siku 127. Tarehe 21 Julai, mjini Rabat, CAF ilikutana tena na kuufuta uanachama huo. Rais mpya alieleza kwamba Zanzibar haikupaswa kupokelewa tangu mwanzo, kwa kuwa CAF haiwezi kuwa na vyama viwili kutoka nchi moja, na nchi ni ile inayotambuliwa na Umoja wa Afrika na Umoja wa Mataifa. Magazeti yaliiweka habari hiyo kurasa za michezo. Ningekuwa mhariri ningeipeleka kwa waandishi wa siasa, kwa sababu kilichoamuliwa Rabat ni tafsiri ya katiba, ingawa waliotafsiri hawakuwa majaji na huenda wengi wao hawakuwahi kuishika Katiba yenyewe mkononi.

Tangu siku hiyo nimekuwa na tabia ya kuchungulia katiba za watu wengine nione wameandika nini kuhusu michezo, na zaidi, ni kitu gani kiliwasukuma kuandika.

Kisa cha Uswisi ndicho kinachonichekesha kuliko vyote. Nchi ile imezungukwa na theluji, watoto wake hutelezea mlimani kama wa kwetu wanavyopiga danadana vichochoroni. Mwaka 1964 Olimpiki ya majira ya baridi ilifanyika Innsbruck, Austria, ambako kwao ni jirani tu. Waswisi wakaenda, wakarudi mikono mitupu. Hata shaba hawakupata. Nyumbani ikawa fedheha, watu wakaanza kuuliza serikali ilikuwa wapi, na jibu likawa kwamba serikali kuu haikuwa na mamlaka ya maana juu ya michezo ya raia. Kilichokuwepo kilitokana na sheria za jeshi: vijana wa kiume wakakamae viungo kabla ya kuitwa kambini. Wasichana hawakuwa wa kuitwa kambini, kwa hiyo mpango huo haukuwahusu.

Ikabidi katiba irekebishwe. Tarehe 27 Septemba 1970 wapigakura waliidhinisha ibara mpya iliyoipa serikali kuu uwezo wa kuendeleza mazoezi ya viungo na michezo, na miaka miwili baadaye ukaanza mpango wa vijana na michezo uliowapokea wavulana na wasichana kwa pamoja. Sasa tazama tarehe. Wanawake wa Uswisi walipata haki ya kupiga kura ya taifa tarehe 7 Februari 1971. Ina maana kura iliyowafungulia wasichana viwanja ilipigwa na wanaume peke yao, miezi michache kabla mama zao hawajaruhusiwa kulisogelea sanduku. Katiba mpya ya mwaka 1999 imeiweka michezo kwenye ibara yake ya 68, na ukiisoma leo huoni dalili yoyote ya aibu ya Innsbruck.

Baada ya Uswisi wimbi lilihamia kusini mwa Ulaya, na hapo sababu zilikuwa nyingine. Ugiriki iliandika katiba mwaka 1975, Ureno 1976, Hispania 1978. Zote tatu ndiyo kwanza zilikuwa zimetoka kwenye udikteta, na zote zikaitaja michezo. Nani anamaliza miaka ya kubanwa pumzi halafu anakaa kuandika habari za mpira? Lakini madikteta nao walikuwa wameijua thamani yake. Ureno ya Salazar ilikuwa na Mocidade Portuguesa, jumuiya ya vijana iliyoanzishwa mwaka 1936, sare na gwaride na mazoezi ya viungo. Katiba ya 1976 ikageuza: mazoezi na michezo ni haki ya raia, na dola ndiyo yenye wajibu. Baadaye waliongeza wajibu wa kuzuia vurugu michezoni. Wagiriki, ambao Olimpiki ni mali ya babu zao, waliiweka michezo chini ya ulinzi na usimamizi wa dola, na ruzuku juu. Wahispania waliibana ndani ya ibara ya 43 inayohusu afya, pamoja na matumizi mazuri ya muda wa mapumziko. Nchi za kikomunisti nazo zilikuwa na vifungu vyao, Umoja wa Kisovieti mwaka 1977 na China mwaka 1982, na huko hapakuwa na mjadala kuhusu kiwanja ni cha nani.

Neno la Kireno lilisafiri na bahari. Ukivuka Ruvuma tu, ibara ya 93 ya Katiba ya Msumbiji ya mwaka 2004 inasema raia wana haki ya elimu ya viungo na michezo. Mtoto wa Mtwara na mtoto wa Palma wanaweza kuwa binamu, mpira wao wa makaratasi ukafungwa kwa kamba ileile, lakini mmoja ana ibara na mwingine hana. Kama kiwanja cha mmoja kina nyasi zaidi, sijakwenda kupima.

Lakini kama mtu anataka kujua kinachotokea katiba ikiutia mpira mkono hadi kwenye kiwiko, aende Brazil.

Serikali ya Brazil ilianza kuushika mpira zamani. Katiba ya mwaka 1937, ya enzi za Getúlio Vargas, iliyafanya mazoezi ya viungo kuwa lazima mashuleni. Mwaka 1941 ikaja amri namba 3199, iliyounda Baraza la Taifa la Michezo na kuweka kila chama na kila klabu chini yake. Ibara ya 54 ya amri hiyo iliwakataza wanawake michezo iliyodaiwa kutolingana na maumbile yao. Mwaka 1965, chini ya wanajeshi, baraza liliorodhesha michezo yenyewe, na soka ikawemo, ya uwanjani, ya ufukweni na ya ukumbini. Marufuku hiyo iliondolewa mwaka 1979. Hesabu mwenyewe ni vizazi vingapi vya wasichana wa Rio na Salvador vilikua vikiutazama mpira kupitia tundu la uzio.

Wanajeshi walioipindua serikali mwaka 1964 waliupenda mpira kwa njia yao. Ligi ya taifa ilianza mwaka 1971 ikiwa na timu 20. Mwaka 1979 ilikuwa na timu 94. Usidhani ni kosa la uchapaji. Shirikisho la michezo lilikuwa mikononi mwa admirali Heleno Nunes, ambaye pia alikuwa kiongozi wa chama tawala, Arena, katika jimbo la Rio. Wabrazil wakawa na msemo wao wa mitaani kwamba kila Arena ilipoyumba, timu moja zaidi iliingizwa ligi ya taifa. Mbunge akihofia jimbo, mji wake unapewa Flamengo au Santos waje kucheza pale, watu wanafurahi, kura zinakuja. Sisi wa Afrika Mashariki, ambao tumeona wagombea wakigawa jezi na mipira kila baada ya miaka mitano, tusicheke kwa sauti.

Mambo yakaanza kugeuka miaka ya 1980. Corinthians ya São Paulo, timu ya daktari na kiungo Sócrates, iliingia katika ile iliyojulikana kama Demokrasia ya Corinthians: mchezaji, kocha, mtunza vifaa, kila mmoja kura moja, kuanzia muda wa mazoezi hadi nani asajiliwe. Mwaka 1982 walitoka uwanjani na jezi zinazowahimiza watu wakapige kura. Mwaka 1984 Sócrates aliahidi mbele ya umati kwamba Bunge likipitisha uchaguzi wa rais wa moja kwa moja, hatakwenda Ulaya. Tarehe 25 Aprili mswada ulianguka, na yeye akaenda Fiorentina. Wanajeshi waliondoka mwaka uliofuata, na tarehe 1 Februari 1987 likaketi Bunge la Katiba lenye wajumbe 559.

Miongoni mwao alikuwemo Márcio Braga, mjumbe wa Rio, na wakati huohuo rais wa Flamengo, klabu yenye mashabiki wengi kuliko zote nchini. Nje ya ukumbi alikuwepo Manoel Tubino, mwalimu wa elimu ya viungo aliyepewa uongozi wa lile Baraza la Taifa la Michezo mwaka 1985, na ambaye alifanya jambo ambalo wakuu wa mabaraza hawalifanyi mara nyingi: alipigania mamlaka ya baraza lake yapunguzwe. Mkono wao unaonekana katika ibara ya 217 ya katiba iliyotangazwa tarehe 5 Oktoba 1988. Michezo ni haki ya kila mtu na dola ina wajibu wa kuikuza. Vyama na vilabu vina uhuru wa kujiendesha. Fedha za umma ziende kwanza kwenye michezo ya mashuleni, na kwa wachezaji wa kiwango cha juu iwe kwa hali maalumu. Michezo iliyozaliwa nchini ilindwe, na hapo kila Mbrazil anafikiria kapoeira. Mwisho kuna kifungu ambacho sijakiona kwingine kikiwa kimekunjuliwa namna ile: kesi ya nidhamu au ya mashindano haiendi mahakamani mpaka imalize ngazi zote za mahakama za michezo, na hizo zina siku 60 za kutoa uamuzi wa mwisho.

Siku 60, ndani ya katiba ya nchi. Kuna wakati nimesubiri hati ya kiwanja kwa miaka.

Kwa nini walihesabu siku? Kwa sababu wakati wajumbe wanaandika, nje kulikuwa kunawaka, na mmoja wa wenye kiberiti alikuwa ndani. Mwaka 1987 shirikisho la soka, CBF, lilitangaza kwamba halina fedha za kuendesha ligi. Vilabu vikubwa 13, Flamengo ikiwemo, vikaungana na kuandaa mashindano yao, Copa União, yenye timu 16. CBF ikazinduka, ikaandaa kundi la pili la timu 16, ikasema wawili bora wa kila upande watakutana kumpata bingwa. Flamengo ilishinda upande wake tarehe 13 Desemba 1987, Maracanã, kwa bao moja la Bebeto dhidi ya Internacional, ikavaa taji. Kukutana na timu za upande wa pili ikakataa, na Internacional nayo ikakataa. Sport ya Recife na Guarani zikacheza zenyewe, na tarehe 7 Februari 1988, uwanja wa Ilha do Retiro, Sport ikashinda 1-0. Nchi ikawa na mabingwa wawili wa mwaka mmoja. Mwezi huohuo Sport ilikwenda kwa hakimu.

Katiba ilikuja miezi minane baadaye, kesi ikiwa imeshasajiliwa mahakama ya kawaida. Mwaka 1994 hukumu ikaipa Sport ubingwa. Ungedhani yameisha. Mwaka 2011 CBF iliamua kuwatambua wote wawili, Sport ikarudi mahakamani, na shauri likapanda mpaka Mahakama Kuu ya Shirikisho, ile inayotafsiri katiba. Huko Flamengo iliegemea ibara ya 217: vyama vya michezo vina uhuru, kwa hiyo CBF inaweza kumtambua inayemtaka. Ibara iliyosukumwa na aliyekuwa rais wa Flamengo mwaka ule wa mgogoro ndiyo ilikuwa silaha ya Flamengo kwa taji la mwaka uleule. Tarehe 18 Aprili 2017 majaji walikataa kwa 3 dhidi ya 1. Uhuru wa vyama, walisema, haufuti hukumu iliyokwisha kukaa. Jaji aliyeongoza uamuzi huo, Marco Aurélio Mello, ni shabiki wa Flamengo na hajawahi kuficha. Ilikuwa imepita miaka 29 tangu Sport ifungue kesi.

Ibara hiyohiyo ikitumika ilivyokusudiwa, inakwenda mbio, na mbio nazo zina majeruhi wake. Desemba 8, 2013, siku ya mwisho ya ligi, Portuguesa ya São Paulo ilitoka 0-0 na Grêmio. Kipindi cha pili iliingiza mchezaji anayeitwa Héverton. Ijumaa iliyotangulia alikuwa amefungiwa mechi mbili na alishatumikia moja. Klabu ikasema haikuwa na habari. Mahakama ya michezo ikaipokonya pointi 4, kutoka 48 zikabaki 44, Portuguesa ikashuka daraja, na Fluminense yenye pointi 46, bingwa wa mwaka uliotangulia, ikapona. Desemba 27 rufaa ya mwisho ilikuwa imeshakataliwa. Siku 19, hesabu nzuri sana kikatiba. Portuguesa, klabu iliyoanzishwa na wahamiaji wa Kireno mwaka 1920, haikuacha kuporomoka hapo: daraja la pili, la tatu, la nne, kisha ikatoka kabisa kwenye ligi za taifa. Mashabiki wake wengine bado wanaijua ibara ya 217 kwa moyo, na hawaitaji kwa upendo.

Huku kwetu vifungu vilikuja kwa unyenyekevu zaidi. Uganda, katika Katiba ya 1995, iliweka sentensi moja kwenye malengo ya taifa kwamba dola itakuza burudani na michezo kwa raia wake, kisha ikaendelea kuiendesha michezo kwa sheria ya mwaka 1964 mpaka ilipopata mpya mwaka 2023. Kenya ilikuwa na shughuli kubwa zaidi. Katiba iliyotangazwa Uhuru Park tarehe 27 Agosti 2010 haisemi popote kwamba michezo ni haki. Inafanya jambo la kiutendaji: katika Jedwali la Nne inagawa kazi. Kukuza michezo na elimu ya michezo ni kwa serikali ya kitaifa. Shughuli za michezo na viwanja vya mashinani ni kwa kaunti, na zimewekwa kwenye fungu moja na kamari, leseni za pombe, maktaba na makavazi.

Mtu anaweza kulicheka fungu hilo, ila mimi naliona la maana kuliko ibara nyingi tamu za Ulaya. Mkazi akikuta kiwanja cha mtaa hakina goli, ana mlango wa kubisha, na gavana hana namna ya kusema hilo ni la Nairobi. Viwanja vingi vya kaunti vimezinduliwa kwa mbwembwe, vikafukuliwa, vikaachwa viote magugu, na wananchi wakawapigia kelele wenye kazi yao.

Kuna mahali pengine Katiba hiyo iligusa michezo bila kuitaja. Zamani Mkenya mzima akichukua uraia wa kwingine alipoteza wa nyumbani. Stephen Cherono alikwenda Qatar mwaka 2003, akawa Saif Saaeed Shaheen, akashinda dhahabu ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji mjini Paris mwaka huohuo, na mwaka uliofuata akaweka rekodi ya dunia ya 7:53.63 mjini Brussels. Alikimbia kwa bendera isiyo ya Bonde la Ufa alikozaliwa. Ibara za uraia za 2010 zimeruhusu uraia wa nchi mbili na kuwafungulia mlango wa kurudi waliopoteza.

Lakini Kenya pia ilionyesha pale katiba inapoishia. Novemba 2021 waziri wa michezo Amina Mohamed alilivunja shirikisho la soka akitumia Sheria ya Michezo ya 2013, iliyotungwa kutekeleza Katiba hiyohiyo. FIFA, shirikisho la soka duniani, haikuuliza ibara gani. Februari 2022 iliifungia Kenya, na katika mvutano huo Harambee Starlets, timu ya taifa ya wanawake, waliondolewa kwenye mechi za kufuzu Kombe la Afrika la wanawake dhidi ya Uganda bila kugusa mpira. Kifungo kilidumu mpaka mwisho wa Novemba.

Nirudi visiwani.

Zanzibar imecheza kwa jina lake tangu enzi ambazo mashindano yalidhaminiwa na sabuni. Kombe la Gossage, lililopewa jina la mtengeneza sabuni William Gossage, lilianza mwaka 1926 kati ya Kenya na Uganda. Tanganyika iliingia 1945, Zanzibar 1949. Muungano ulipokuja mwaka 1964, chama cha Bara kiliingia FIFA mwaka huohuo, na kiti kikawa kimoja. Katika Afrika Mashariki na Kati hakuna aliyeona sababu ya kuwafukuza Wazanzibari, na mwaka 1995 walitwaa Kombe la Chalenji.

Hapo ndipo penye fundo. Michezo haimo kwenye orodha, lakini jambo la pili kwenye orodha, baada tu ya Katiba na Serikali yenyewe, ni Mambo ya Nchi za Nje. Kupiga mpira uwanja wa Amaan ni la Zanzibar. Kwenda nao Zurich, makao ya FIFA, ni la nani? Upande mmoja husema FIFA na CAF si nchi, ni vyama tu. Wa pili hujibu kwamba vyama hivyo hupokea nchi, na nchi ni moja. Mwaka 2008 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alisema bungeni kwamba Zanzibar si nchi. Mwaka 2010 Katiba ya Zanzibar ilirekebishwa ikaandika kwamba Zanzibar ni nchi, moja kati ya mbili zinazounda Jamhuri. Katiba mbili, kila moja na jibu lake, na shirika la mpira katikati. Rasimu ya Katiba mpya ya Tume ya Jaji Warioba, ambayo ingepunguza Mambo ya Muungano kutoka 22 hadi 7, nayo haikuiweka michezo kati ya hayo saba.

Watakaokwambia haiwezekani nchi moja kuwa na vyama viwili wanaisahau Uingereza yenye vyama vinne, kwa haki ya kutangulia. Wanavisahau Visiwa vya Faroe, sehemu ya Denmark, vilivyoingia FIFA mwaka 1988. Na wanaisahau Hamburg. Mwaka 2006 klabu ya St. Pauli iliandaa mashindano ya timu sita zisizotambuliwa na FIFA. Zanzibar ilifika fainali, ikatoka 0-0 na Cyprus ya Kaskazini, ikapoteza kwa penalti 4-1. Timu nyingine kwenye mashindano yale ilikuwa Gibraltar, mwamba wenye watu wachache kuliko mitaa kadhaa ya Unguja. Gibraltar iling'ang'ana katika mahakama ya kimataifa ya michezo iliyoko Uswisi, ikaingia UEFA mwaka 2013 na FIFA mwaka 2016. Faida yake ni kwamba iliomba kabla Ulaya haijabadili kanuni na kudai dola inayotambuliwa na Umoja wa Mataifa.

Miezi mitano baada ya Rabat, Desemba 2017, Zanzibar Heroes walikwenda Kenya kucheza Chalenji. Walikuwa chini ya kocha Hemed Suleiman, ambaye kila mtu humwita Morocco. Walizifunga Rwanda na Uganda, na katikati ya safari, kwenye uwanja wa Machakos, wakaifunga Tanzania Bara 2-1. Ukiitazama ile mechi, sijui uiweke kifungu gani. Fainali dhidi ya Kenya iliisha 2-2, Harambee Stars wakashinda kwa penalti 3-2, na vijana wakarudi Unguja kupokewa kama waliobeba kombe.

Wachezaji kama kina Feisal Salum na Mudathir Yahya wanavaa jezi mbili. Ikiwa mashindano ni ya CECAFA, baraza la soka la Afrika Mashariki na Kati, ni Wazanzibari na wanaweza kupangwa dhidi ya Bara. Ikiwa ni ya CAF au FIFA, wanapanda boti, wanavuka, wanakuwa Taifa Stars, timu ya Tanzania, pamoja na waliokuwa wapinzani wao. Januari 2025 Heroes walitwaa Kombe la Mapinduzi kwa kuifunga Burkina Faso 2-1 Gombani, Pemba. Agosti mwaka huohuo Tanzania, Kenya na Uganda ziliandaa CHAN, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani. Kwenye benchi la Taifa Stars, uwanja wa Mkapa, alikaa Hemed Suleiman, yuleyule wa Machakos, akaivusha timu hadi robo fainali na kutolewa kwa bao 1-0 na Morocco, nchi anayobeba jina lake. Uwanja wa Amaan, uliojengwa kwa msaada wa Wachina mwaka 1970 na kufunguliwa upya Desemba 2023, nao ulipewa kundi lake. Walicheza hapo Senegal, Nigeria, Sudan na Kongo.